Chumba cha Mazoezi ni Lazima Kipumue

Ndugu msomaji, mazoezi ni dawa isiyouzwa dukani. Mtu anayefanya mazoezi hutia nguvu moyo, mapafu na misuli yake. Hujikinga pia na ugonjwa wa shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari. Zamani watu walisema haya ni maradhi ya mjini. Siku hizi sisi wa zahanati tunayaona hata vijijini.

Kwa hiyo inafurahisha kuona vijana, akina mama na wazee wakifanya mazoezi hapa Kigamboni. Wengine hukimbia ufukweni. Wengine hunyanyua vyuma. Asiye na fedha za kununua vyuma hujaza saruji katika makopo mawili. Kisha huyaunganisha kwa bomba moja. Hiyo ni akili nzuri.

Lakini liko jambo la kuangalia. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, nyumba za matofali na bati zimeongezeka sana huku kwetu. Mtu akipata chumba cha stoo, au kontena la zamani, huweka vyuma, kioo na redio. Dirisha hulizibwa kwa kuogopa wezi. Mwenye fedha nyingi huchimba chumba chini ya nyumba. Chumba hicho hakina dirisha kabisa.

Mazoezi katika chumba kisichopitisha hewa yanaweza kumwangusha mtu. Yanaweza hata kumwua. Leo tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kwa nini chumba cha mazoezi huhitaji hewa nyingi. Pili, namna ya kukijenga. Tatu, jinsi ya kumwokoa mtu aliyezidiwa na joto.

MWILI NI KAMA JIKO

Mwili wa mtu hutengeneza joto wakati wote. Chakula tulichokula ndicho kuni zake. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto kama la taa moja ya umeme ya zamani, ile ya wati 100. Mtu anayefanya mazoezi makali hutoa joto kama la taa tano za namna hiyo. Sasa fikiri: watu 10 wakifanya mazoezi katika chumba kimoja, ni kama kuwasha taa 50 mle ndani.

Joto la mwili lenye afya ni karibu nyuzi 37. Likifika nyuzi 40 na kuendelea kupanda, ubongo, ini na figo huanza kuharibika. Kwa hiyo mwili hauna budi kulitoa joto hilo nje. Unalitoaje? Unalitoa kwa jasho.

JASHO NA MTUNGI WA MAJI

Utazame mtungi wa maji wa udongo. Maji yake ni baridi, ingawa hakuna barafu. Sababu ni nini? Mtungi hutoa jasho. Maji kidogo hupenya katika udongo na kutokea nje. Upepo huyakausha. Maji yanapokauka huondoka na joto. Ndiyo maana mtungi uliowekwa kwenye upepo hupoza maji kuliko mtungi uliofungiwa kabatini.

Mwili nao ni hivyo hivyo. Jasho linalodondoka chini halikupozi. Jasho linalokauka juu ya ngozi ndilo linalokupoza.

Sasa, hapa pwani hewa ina unyevu mwingi. Wakati wa masika kanga ukiianika asubuhi, jioni bado ni mbichi. Jasho nalo hukawia kukauka. Likipata upepo, hukauka. Likikosa upepo, hubaki linachuruzika tu, na joto hubaki mwilini.

Tena, mtu mmoja katika mazoezi makali anaweza kutoa lita 1 ya jasho kwa saa moja, au zaidi. Watu 10 hutoa lita 10. Hiyo ni nusu ya ndoo kubwa ya lita 20. Jasho hilo likikauka, unyevu wake huingia katika hewa ya chumba. Kama hewa hiyo haitoki, unyevu huzidi. Jasho la mtu anayefuata halina pa kukaukia.

HESABU YA HEWA

Tufanye hesabu kidogo. Chukua kalamu.

Chumba kina urefu wa mita 5, upana wa mita 4, na kimo cha mita 3. Zidisha: 5 mara 4 mara 3 ni 60. Chumba kina mita za ujazo 60 za hewa. Hizo ni lita 60,000.

Mtu aliyekaa huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Katika mazoezi makali huvuta lita 60, au hata zaidi. Watu 10 huvuta lita 600 kwa dakika moja. Gawanya 60,000 kwa 600. Jibu ni 100.

Maana yake nini? Kama chumba kimefungwa, kwa dakika 100, yaani saa 1 na dakika 40, hewa yenye ujazo wa chumba kizima imekwisha pita katika mapafu ya watu. Unavuta hewa iliyotoka kifuani mwa jirani yako. Na yeye anavuta iliyotoka kwako.

Mmoja akiwa na kifua kikuu, hapo ndipo hatari ilipo. Vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani kwa muda mrefu. Mafua na korona huenea kwa njia ya hewa pia. Mwaka 2020, katika mji wa Cheonan nchini Korea Kusini, watu 112 waliambukizwa korona. Maambukizo hayo yalihusiana na madarasa ya mazoezi ya kucheza muziki katika kumbi 12. Yote yalitokea kwa siku 24 tu. Watu walijaa katika kumbi ndogo na kuhema kwa nguvu. Mwalimu mmoja aliyekuwa na ugonjwa huo alifundisha mazoezi ya polepole. Wanafunzi wake walikuwa wachache. Hakuna hata mmoja aliyeonekana na ugonjwa.

Mtu anayekohoa wiki 2 au zaidi asiingie katika chumba cha mazoezi. Aende kwanza kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

JINSI YA KUJENGA

Ndugu msomaji, chumba bora cha mazoezi katika pwani yetu ni kile kisicho na kuta. Simamisha nguzo, ezeka makuti, sawazisha sakafu. Makuti hayapitishi joto la jua kama bati. Upepo hupita pande zote. Kama unaogopa wezi, tengeneza stoo ndogo ya kufungia vyuma usiku. Funga vyuma, usifunge watu.

Kama huna budi kutumia chumba chenye kuta, fuata mambo haya.

1. Jua upepo unatoka wapi. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili vizuri. Upepo wa kusi huvuma kutoka upande wa kusini. Upepo wa kaskazi huja kutoka upande wa kaskazini, hasa miezi ya Desemba mpaka Machi, wakati joto ni kali. Kwa hiyo weka madirisha upande wa kaskazini na upande wa kusini. Jua nalo huchoma ukuta wa mashariki asubuhi, na ukuta wa magharibi jioni. Basi kuta hizo mbili ziwe fupi, na zisiwe na madirisha makubwa. Panda mti wa kivuli upande wa magharibi. Mwarobaini unafaa.

2. Madirisha yatazamane. Dirisha moja halitoshi. Upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Ni kama chupa: ukipuliza ndani ya chupa, pumzi hukurudia usoni. Ukipuliza ndani ya bomba, pumzi hutokea upande wa pili. Chumba chako kiwe bomba, kisiwe chupa.

3. Pima ukubwa wa madirisha. Chumba chetu cha mita 5 kwa 4 kina sakafu ya mita za mraba 20. Madirisha yake yasipungue sehemu moja ya kumi, yaani mita za mraba 2. Kwa mazoezi afadhali yawe mara mbili ya hapo. Weka madirisha mawili ya mita 1 kwa mita 1 kila upande. Jumla ni mita za mraba 4. Tia nondo kwa ajili ya wezi, wala usizibe kwa matofali.

4. Acha matundu juu. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda juu. Ikikosa njia hukaa chini ya bati na kushuka tena kichwani mwako. Jenga mstari mmoja wa matofali yenye matundu karibu na paa. Weka dari chini ya bati. Ukipaka bati rangi nyeupe, joto hupungua pia.

5. Weka wavu wa kuzuia mbu. Wavu hupunguza upepo kidogo, na kwa hiyo dirisha la wavu liwe kubwa zaidi. Angalia pia matairi ya mazoezi. Tairi lililoachwa nje hushika maji ya mvua, na mbu wa homa ya dengi hutaga humo. Homa hiyo ilisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na mwaka 2019.

6. Usijaze watu. Katika chumba cha mita za mraba 20, watu 4 au 5 kwa wakati mmoja wanatosha. Wengine wangoje zamu yao.

Mambo haya si mageni. Wajerumani walifungua Hospitali ya Ocean Road mjini Dar es Salaam mwaka 1897. Wakati huo viyoyozi havikuwapo. Waliijenga karibu na bahari, kwa dari za juu na baraza pana, ili wagonjwa wapate upepo. Na karibu zaidi na siku zetu, nyumba 6 za mfano zilijengwa katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Kuta zake za juu zilikuwa za mbao, mianzi au wavu, zinazopitisha hewa. Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo. Joto la ndani lilikuwa pungufu kwa nyuzi 2 hivi kuliko nyumba za kawaida. Mbu nao waliingia wachache zaidi.

FENI NA KIYOYOZI

Feni ni msaada mkubwa. Hukausha jasho. Lakini feni haileti hewa mpya kama madirisha yamefungwa. Huzungusha hewa ile ile. Iweke feni karibu na dirisha linaloingiza upepo, isukume hewa safi ndani. Ukiwa na feni ya pili, iweke dirisha la upande wa pili, itoe hewa chafu nje.

Watu wengi hudhani kiyoyozi huleta hewa mpya. Sivyo. Kiyoyozi cha kawaida, kile cha ukutani, huvuta hewa ya chumbani, huipoza, kisha huirudisha humo humo. Baridi utaipata, lakini hewa ni ile ile iliyokwisha vutwa na wenzako. Ukitumia kiyoyozi, acha nafasi ya kuingizia hewa ya nje. Kila baada ya muda fungua madirisha yote na kubadilisha hewa.

CHUMBA CHA CHINI YA ARDHI

Hapa Kigamboni si jambo la busara kuchimba chumba cha mazoezi chini ya nyumba. Karibu na bahari maji ya ardhini hayako mbali. Kuta hunyonya unyevu na kuota ukungu. Ukungu huwasumbua wenye pumu. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushuka humo. Tena, kuchimba chini ya nyumba iliyokwisha jengwa kunaweza kuiangusha. Usianze bila mhandisi na bila kibali.

Kama chumba kipo tayari, yafaa yafanyike haya. Weka njia mbili za hewa, pana, zinazofika nje. Njia ya kwanza ilete hewa safi na kuitoa karibu na sakafu. Njia ya pili ianzie chini ya dari, itoe hewa ya moto. Njia ya pili iwe na feni ya kuvuta, kwa maana chini ya ardhi upepo haufiki wenyewe. Mdomo wa njia ya hewa safi uwe mbali na choo, jiko, magari na jenereta.

Na ikumbukwe sheria moja: umeme ukikatika, mazoezi yamekwisha. Watu wote wapande juu mara moja. Wasingoje.

KWA WAKAAO SEHEMU ZA BARIDI

Kigamboni hatuhitaji kupasha chumba joto. Lakini gazeti hili linasomwa pia na ndugu zetu wa Njombe, Makete na Lushoto. Mwezi wa Juni na Julai huko baridi ni kali. Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha.

Ndugu, usifanye hivyo kamwe. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Hukaa katika damu mahali pa hewa safi. Mtu husikia kichwa kinauma na usingizi unamjia, kisha hazinduki. Jenereta hutoa sumu hiyo hiyo. Isiwekwe ndani wala karibu na dirisha.

Mazoezi yenyewe hupasha mwili joto. Vaa sweta, anza polepole, kisha livue ukipata moto. Funga dirisha la upande wa upepo mkali, lakini matundu ya juu yabaki wazi.

JIPIME MWENYEWE

Unataka kujua kama chumba chako kinapumua? Washa kijiti cha udi. Simama katikati ya chumba. Tazama moshi. Ukienda moja kwa moja na kutoka dirishani, chumba kinapumua. Ukizunguka hapo hapo, chumba hakipumui. Usifanyie mazoezi humo mpaka umekitengeneza.

Fanya mazoezi asubuhi kabla ya saa 2, au jioni baada ya saa 11. Kunywa maji kidogo kidogo. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, umekunywa maji machache. Ukifunga mwezi wa Ramadhani, ngoja mpaka umekwisha futuru. Mgeni aliyetoka bara kwenye baridi aanze polepole kwa wiki 2, ili mwili uzoee. Mwenye homa au aliyekunywa pombe asifanye mazoezi siku hiyo. Mzee, mama mjamzito na mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu waulize kwanza zahanati.

MTU AKIZIDIWA NA JOTO

Dalili za mwanzo ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na jasho jingi. Mwache apumzike kivulini. Mpe maji. Mpepee. Asirudi mazoezini siku hiyo.

Dalili za hatari ni hizi: anasema maneno yasiyoeleweka, anayumba kama mlevi, anaanguka, anapata degedege, au amezirai. Mwili wake ni moto sana. Anaweza kuwa bado anatoka jasho. Usiseme ana pepo. Usimpe panadoli, kwani haishushi joto la namna hii. Fanya hivi:

1. Mtoe nje, kivulini, penye upepo.
2. Mvue nguo nzito na viatu.
3. Mmwagie maji baridi mwili mzima, bila kuacha. Watu wawili wampepee kwa nguvu. Kama kuna barafu, ifunge katika kitambaa, umwekee shingoni, makwapani na kwenye mapaja karibu na kinena.
4. Asiye na fahamu mlaze ubavu. Usimtie maji mdomoni, atapaliwa.
5. Mmoja atafute gari la kumpeleka kituo cha afya kilicho karibu. Wengine waendelee kumpoza, hata ndani ya gari.

Usingoje gari wala kivuko ndipo uanze kumpoza. Dakika za kwanza ndizo zinazookoa maisha. Na akifika kituoni apimwe malaria pia, kwa maana malaria kali nayo huleta joto na kuchanganyikiwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtungi uliowekwa kwenye upepo hupoza maji vizuri?
2. Chumba kina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Madirisha yake yasipungue mita za mraba ngapi?
3. Mtaani kwenu vijana wanafanyia mazoezi wapi? Je, chumba hicho kinapumua? Kama hakipumui, mtakitengenezaje, na nani atashughulikia kazi hiyo?

Ndugu msomaji, usisome makala hii na kuiweka. Msomee na kijana wako anayenyanyua vyuma. Kesho nendeni pamoja na kijiti cha udi, mkaangalie moshi unaelekea wapi.

Kinga ni bora kuliko tiba.